Mkaguzi Mkuu wa Kona

Nchi ninayoisimulia ina serikali nzuri sana. Nalitanguliza hilo mapema ili yule anayesoma kwa sababu ameagizwa kusoma afunge ukurasa na kwenda kupumzika. Sisi wengine tuendelee.

Katika nchi hiyo upo mlima uitwao Ng'olwe, na juu yake kuna kijiji cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Chini kuna mji wa wilaya. Barabara ya magari inauzunguka mlima kwa nyuma, inapitia wilaya ya jirani, na maziwa yakipita huko hufika yameshakuwa mtindi. Kwa hiyo wana Ng'olwe walijichongea njia yao ya baiskeli, nyembamba, inayoteremka kona baada ya kona. Alfajiri wabeba maziwa walishuka wamefunga madumu kwenye keria, na jioni walipanda wakizikokota baiskeli kwa mkono. Siku za mapumziko walikuja vijana wa mji mkuu na baiskeli za magurudumu manene na kofia ngumu, wakashuka njia hiyohiyo huku wakipiga mayowe, wakasema huo ni mchezo. Wana Ng'olwe hawakuelewa kwa nini mtu ashuke mlima bila mzigo, ila waliwauzia ndizi.

Masika moja mvua ikaila njia katikati. Likatokea korongo ambalo baiskeli ikiingia haitoki na mpandaji wake. Wabeba maziwa wawili waling'oka meno humo. Wa tatu alipoteza madumu yote na akasema bora yangekuwa meno.

Kiongozi wa wabeba maziwa alikuwa Nyamizi, mwanamke wa mabega mapana na mdomo usio na breki. Aliutazama mlima, akasema njia ihamishwe: ilikwepe korongo, izunguke begani mwa mlima, ichimbiwe mifereji ya kutolea maji pembeni. Tatizo lilikuwa dogo. Huko begani ndiko lilikokuwa shamba la viazi la Lutego, aliyemwoa Minza, mdogo wake Nyamizi. Lutego mwenyewe alikuwa mbeba maziwa, na watu walisema hajazaliwa wa kushuka Ng'olwe kama yeye.

"Shemeji," Nyamizi alimwambia kisimani, "njia itapita ukingoni mwa shamba lako."

"Itapita, au naombwa ipite?"

"Itapita."

"Ungeniomba ningekubali."

"Na kama ungekataa, ningekuomba tena? Watu wanang'oka meno, Lutego."

Wiki hiyohiyo Lutego alisafiri kwenda msibani. Aliporudi alikuta njia imeshapita. Mistari miwili ya viazi ilikuwa imeng'olewa kwa adabu, ikatiwa kwenye gunia na kuwekwa mlangoni pake. Minza alikuwa ameshavichemsha.

"Umevila?" Lutego akauliza.

"Nimekubakizia," akasema Minza.

Hakuvila. Akapanda baiskeli, akateremka kwa njia mpya, ambayo kwa kweli ilikuwa nzuri, na uzuri wake ukamzidishia hasira. Hakuumia hata kidogo mpaka alipofika ofisi ya wilaya kushtaki.

*

Lutego alitaka kitu kimoja tu: Nyamizi aitwe mbele za watu aombe radhi. Lakini katika nchi ile raia akiiomba serikali kijiko, serikali humletea kiwanda cha vijiko na kumjengea juu ya nyumba yake.

Mkuu wa Wilaya, Luteni mstaafu Magaramanda, alifika Ng'olwe kwa msafara wa magari uliozunguka mlima wote na kuwasili jioni, nusu ya magari yakisukumwa. Watu wakakusanywa. Luteni akapanda juu ya kreti ya soda, akakohoa ndani ya kipaza sauti mpaka ng'ombe wakakimbia.

"Nimepokea taarifa nzito," alisema. "Kuna watu hapa wameihamisha ardhi ya taifa kutoka mahali pake na kuipeleka mahali pengine, bila kibali!"

"Hatujaihamisha, mheshimiwa," Nyamizi akajibu. "Ardhi ipo palepale. Tumehamisha pa kupita."

"Unaniambia nini kuhusu ardhi? Nilikuwa mwanajeshi mimi. Nimelala juu ya ardhi!"

Watu walipiga makofi, maana askari waliokuwa nyuma yao walianza kupiga.

"Ninyi mna akili ya kienyeji," Luteni aliendelea. "Njia mnaichimba kwa jembe! Katika dunia ya leo! Mkaamua wenyewe, mkachimba wenyewe, na mbaya zaidi mkamaliza. Mradi gani huo unaomalizika? Hamwoni aibu? Serikali ingewasaidiaje kitu kilichokwisha?"

Hapo Nyamizi akasema neno ambalo lilimgharimu. Alisema, "Mheshimiwa, kama ni msaada, ungeanza kwa kushuka hapo. Umesimama kwenye kreti yangu."

Alilala mahabusu, na Lutego alipomwona akipandishwa garini, uso ulimbadilika. Alimwendea Luteni, akamnong'oneza kwamba yeye alitaka radhi tu. Luteni akamshika bega kwa upendo.

"Kijana, umeshatoa taarifa. Taarifa si mbuzi, hairudishwi zizini."

*

Ndipo ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Njia za Baiskeli Mlimani. Mkurugenzi wake aliteuliwa kutoka mji mkuu: Profesa Mhandisi Kasale, msomi wa kweli, ambaye alikuwa ameandika sana kuhusu baiskeli bila kuzibughudhi kwa kuzipanda. Alikuja na samani, mazulia na maua ya plastiki, akatafuta mahali pa kujenga makao makuu. Mlima mzima ulikuwa na mteremko, isipokuwa sehemu moja tambarare begani.

Sehemu hiyo ilikuwa shamba la Lutego. Alikuwa amelalamikia mistari miwili. Sasa hakubakiwa hata na mmoja.

"Na mimi nitalima wapi?" aliuliza.

"Wewe ndiye mwasisi wa Mamlaka hii," alisema Profesa. "Mwasisi halimi."

Wakampa sare ya kijani, filimbi, na cheo cha Mkaguzi Mkuu wa Kona. Minza aliifua sare ile mara ya kwanza akaianika nyuma ya nyumba, pasipoonekana. Kijijini hakuna aliyemsalimia Lutego tena. Alipoingia dukani mazungumzo yalikatika, na alipotoka yaliendelea kwa sauti ya juu ili ayasikie.

Jengo la Mamlaka lilikaa juu ya njia yenyewe, kwa hiyo wabeba maziwa walilazimika kupita ndani yake. Waliingia mapokezi na baiskeli zao, wakapangusa matairi kwenye zulia, wakaketi kwenye foleni na kusubiri waitwe. Katibu muhtasi aliwauliza shida yao. Walisema shida yao ni kutokea mlango wa nyuma. Siku nyingine mwenye idhini ya kufungua mlango wa nyuma alikuwa semina, na maziwa yakagandia mapokezi.

Profesa hakufurahishwa na msongamano huo. Akaitisha mkutano, akasimama mbele ya ramani.

"Nimefanya utafiti," alisema. "Chanzo cha matatizo yote ya njia hii ni kona. Kona inarefusha safari. Kona inachosha. Na tuseme ukweli, ndugu zangu, kona ni mahali ambapo serikali haikuoni! Mtu anaingia kona akiwa raia mwema. Anatoka upande wa pili akiwa nani? Nani anajua?"

Luteni Magaramanda alikuwa akiandika kwa haraka.

"Kwa hiyo njia itanyooshwa. Kutoka kileleni mpaka bondeni, mstari mmoja, kama katika nchi zilizoendelea."

Nyamizi, aliyekuwa ametoka mahabusu na hajajifunza, akanyanyua mkono. "Mheshimiwa, hiyo haitakuwa njia. Hiyo ni mahali pa kuangukia."

"Umesoma wapi wewe?"

"Hapahapa. Nimeanguka hapahapa."

"Mkaguzi Mkuu," Profesa alimgeukia Lutego, "wewe ni mtaalamu wetu. Unasemaje?"

Kila mtu alimtazama Lutego. Alijua, kama alivyojua jina la mama yake, kwamba hakuna baiskeli ya kuushuka mstari ule. Lakini Nyamizi alikuwa amemkazia macho, na macho yale yalikuwa yakimwamuru. Lutego alikuwa amechoka kuamriwa na Nyamizi.

"Inawezekana," alisema.

*

Njia ya kona ikafungwa kwa seng'enge, na kibao kikapigiliwa: HAPA HAPAPITIKI. Mpaka siku hiyo palikuwa panapitika, lakini kibao kilikuwa cha chuma na kilionekana kuwa na uhakika zaidi. Mifereji ya kutolea maji ikafukiwa kwa agizo la Profesa, aliyesema mfereji ni shimo, na serikali haiwezi kuwa na mashimo. Mstari mpya ukafyekwa ukashuka mlimani wima. Ukarabati wa njia ukaanza mara moja: mawe ya pande zote mbili yalipakwa chokaa, na mvua ilipoyaosha yakapakwa tena. Mhusika wa kupaka alishuka amejifunga kamba kiunoni.

Miezi ile maziwa hayakushuka. Watu walimwaga mengine, mengine wakawapa ndama na mbwa. Minza aliuza ndama wake wawili. Mjini watoto walinywa uji mkavu, na mimi niliunywa pamoja nao, nikiwa na imani kubwa na maendeleo.

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri. Palikuwa na bendi, mahema, na gari la wagonjwa lililokuja limebeba viti vya wageni. Mpango ulikuwa vijana wa mji mkuu washuke kwa mbio mbele ya kamera. Walifika ukingoni na kofia zao ngumu, wakachungulia chini. Kiongozi wao akavua kofia, akasema kwamba samahani sana, wamekumbuka wana harusi.

Luteni Magaramanda akaanza kutoka jasho. Akawageukia wabeba maziwa, waliokuwa wamepangwa jua kali kama mapambo. "Wewe, mama! Shuka!"

"Mimi sijakosana na maisha yangu," alisema Nyamizi. "Sishuki."

"Ni amri!"

"Basi niteremshe kwa mkono wako, twende wote."

Waziri akaangalia saa. Profesa akaangalia Waziri. Ndipo Luteni akamwona Lutego, amesimama kando ndani ya sare yake, na uso wa Luteni ukang'aa.

"Mkaguzi Mkuu! Waonyeshe."

Lutego akaichukua baiskeli. Alikagua breki ya mbele, akakagua ya nyuma, akakaza kofia ya sare kichwani kana kwamba kitambaa kingemsaidia. Minza alitoka mbio katikati ya wageni, askari wakamdaka. Hapo Nyamizi akazungumza na shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu masika.

"Lutego. Usishuke."

Akageuka. "Leo unaniomba?"

Kama angesema ndiyo, naamini yule mtu angeiweka baiskeli chini. Wote tuliokuwepo tuliona alivyosubiri. Lakini Nyamizi alikuwa Nyamizi.

"Sikuombi," alisema. "Nakwambia."

Lutego akapanda, akashuka.

Mwanzo alikwenda vizuri, vizuri ajabu, kiasi kwamba bendi ilianza kupiga. Alifika kwenye mfereji uliofukiwa, ambako udongo ulikuwa haujashikana. Gurudumu la mbele likazama. Tulimwona akitengana na baiskeli, kila mmoja akashuka kivyake, na baiskeli ndiyo iliyosimama kwanza.

"Amefika?" Waziri akauliza.

"Amefika, mheshimiwa," akasema Profesa.

Waziri akakata utepe. Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba njia mpya imepunguza sana muda wa safari.

*

Walimkuta hai. Mfupa wa paja ulikuwa umetokeza nje na alikuwa akilitaja jina la Minza. Dereva wa gari la wagonjwa alisema yuko tayari, ila viti lazima virudishwe kwanza, na kuzunguka mlima ni mpaka usiku. Damu ya Lutego haikuwa na subira hiyo.

Nyamizi hakujadiliana na mtu. Alichukua baiskeli mbili za maziwa, akafunga nguzo za hema la wageni katikati yake na kutandaza juu turubai la Waziri, ikawa machela. Wabeba maziwa wakamlaza shemeji yake juu. Wakaikokota mpaka kwenye seng'enge.

Askari aliyekuwa lindo akanyoosha mkono. "Hapapitiki."

"Mwanangu," Nyamizi akamwambia, "unaona damu hii?"

"Naiona, mama. Lakini kibao..."

"Basi kisome. Kisome polepole, mpaka mwisho, usituangalie sisi."

Askari akageuka, akaanza kusoma. Maneno yalikuwa mawili, lakini aliyasoma muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuyasoma. Wakaikata seng'enge, wakashuka kona kwa kona, wanne wameshika breki, wawili wameshika machela. Nyamizi alitangulia kinyumenyume, uso wake ukitazamana na uso wa Lutego.

"Nilipaswa kukuomba," alisema.

"Ulipaswa," akasema Lutego, akazimia.

Daktari mjini alimwambia Lutego kwamba wangechelewa kidogo tu, yeye daktari angekuwa anampa Minza pole ya msiba.

*

Haikufaa Mkaguzi Mkuu aanguke bila sababu. Ikaundwa tume ya uchunguzi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kasale, maana yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tukio. Siku ya pili tume ilikuwa imeshagundua kwamba Nyamizi aliulegeza udongo kwa makusudi ili kuihujumu serikali. Kilichobaki ni shahidi.

Walimfuata Lutego wodini. Luteni Magaramanda alikaa kitandani pake, akamletea machungwa.

"Utasema ulimwona. Basi. Utarudishiwa shamba lako. Mguu wako tutaupeleka ng'ambo, pamoja na wewe. Huyu mwanamke alikudhalilisha, au nasema uongo?"

"Husemi uongo," alijibu Lutego.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Nyamizi alikuwa kizimbani, ameketi wima. Nilipomtazama niliona kwamba hakuwa na tumaini lolote kwa Lutego, wala hakumlaumu. Minza aliketi katikati ya dada yake na mumewe, kwenye kiti kilichokuwa mbali sawasawa na kila mmoja. Lutego akaingizwa kwa magongo.

"Iambie tume," alisema Profesa kwa upole, "ulianguka kwa sababu gani?"

Lutego aliyaweka magongo chini, moja baada ya jingine, mpaka Luteni akaanza kumkonyeza.

"Huyu mwanamke alichukua shamba langu bila kuniomba," alisema. "Simpendi. Na leo simpendi. Lakini udongo ule mliufukia ninyi, na mimi niliwaona nikiwa na filimbi mdomoni. Nilijua. Nilianguka kwa sababu nilitii."

Luteni alisimama akaketi, akasimama tena. Tume ikaomba muda wa kutafakari, ikaenda kula, ikarudi na uamuzi. Ilimshukuru shahidi kwa utii wake, ambao ni sifa ya taifa. Ikamwona Nyamizi hana hatia, kwa kuwa muda wa kumtafutia nyingine ulikuwa umekwisha. Kisha ikamhukumu Lutego kifungo kwa kosa la kuharibu mteremko wa serikali kwa kutumia mwili wake.

Masika yaliyofuata maji hayakukuta mfereji hata mmoja. Yalishika mstari ulionyooka, yakaingia makao makuu kwa mlango wa mbele, yakapita mapokezi na kutokea nyuma. Ndiye mgeni pekee aliyewahi kuhudumiwa haraka pale. Aliondoka na mazulia, maua ya plastiki na ukuta mmoja. Profesa akateuliwa kuwa balozi katika nchi isiyo na milima. Serikali, baada ya kutafakari, ikatangaza kwamba Mamlaka haikuwahi kuwepo. Na kwa kuwa Mamlaka ya njia haikuwepo, njia nayo haikuwepo. Mlima Ng'olwe ukaandikwa kwenye ramani mpya kuwa hauna njia yoyote.

Lutego alipotoka gerezani, Nyamizi alikuwa nje na baiskeli. Minza ndiye aliyemtuma. Hawakusalimiana. Alimpakia kwenye keria, magongo yakafungwa pembeni panapofungwa madumu, akamkokota mlima mzima huku akihema. Begani mwa mlima wakasimama. Shamba lilikuwa limebaki nusu, na nusu hiyo ilikuwa mchanga na matofali. Wabeba maziwa walikuwa wakisubiri na sururu na majembe.

"Shemeji," alisema Nyamizi, na neno lililofuata lilimtoka kama jino. "Naomba utuonyeshe tupitishe wapi."

Lutego akatazama shamba lake muda mrefu. Akanyoosha gongo.

"Pale," alisema. "Na mfereji uanzie juu ya lile jiwe. Mkigusa mstari wa tatu nawashtaki tena."

Juma lile maziwa yakaanza kushuka. Nyamizi mwenyewe ndiye anayeyapeleka ofisi ya wilaya, mlango wa jikoni. Siku moja Luteni Magaramanda alitoka na kikombe mkononi, akaangalia maziwa, akaangalia mlima, akamwangalia mwanamke.

"Haya yanatoka Ng'olwe?"

"Ng'olwe, mheshimiwa."

"Ng'olwe hakuna njia."

"Hakuna kabisa."

"Sasa yamefikaje hapa?"

Nyamizi akafunga dumu, akalikaza kwenye keria.

"Yalimwagika tu, mheshimiwa," alisema. "Sisi tukayakuta huku chini."

Luteni akafikiri. Kisha akasogeza kikombe aongezewe.